Sungura Wako Yuko Sebuleni Kwangu

Yustina,

Shikamoo. Haya, umeipata. Ulinizidi mwaka mmoja tu, ukawa unanidai shikamoo kila asubuhi mbele ya wateja wetu wa mitumba pale Dongobesh, nami nilikuwa naimeza makusudi ili ukasirike. Leo nakupa bure, kwa sababu nina maneno makali na sitaki tuanze kwa ugomvi.

Nakuonea wivu. Ndiyo, wewe uliye kaburini. Ukiweza kucheka huko uliko, cheka.

Tangu uondoke wamekata mkoa. Siku hizi hatusemi tena Arusha, tunasema Manyara, na mambo makubwa yote ni Babati. Kwenye meza yetu ya mitumba nauza peke yangu. Na mimi nimeolewa na Safari, mumeo. Najua umeshajua, lakini nataka uisikie kwangu. Shangazi zako wenyewe ndio waliokwenda kusema na mama yangu kule Maretadu, kwamba mwanao Paulina asilelewe na mtu asiyemfahamu mama yake. Nilikubali upesi. Unakumbuka nani alimwona Safari kwanza, siku ile amekuja kutafuta koti la baridi? Mimi. Nikainama kumtafutia saizi yake, kuinuka nakuta ameshaanza kucheka na wewe. Lo! Hilo sijalisahau hata siku moja.

Siku ya kuondoa matanga ndugu zako waligawana vitenge, sufuria, hata lile sweta la kijani. Akabaki sungura. Hakuna aliyemhesabu kuwa ni mfugo, hakuna aliyemtaka, basi nikamkuta hapa nilipoingia na sanduku langu. Malkia! Nani anampa sungura jina la Malkia? Ulimnunua mnadani Katesh wakati tumekwenda kutafuta viatu, ukarudi naye ndani ya koti huku mimi nimebeba marobota yote. Nikakuambia, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukasema, "Magdalena, huyu hatalima, huyu atapendwa tu." Ndivyo ulivyokuwa. Ulitaka kitu, ukakipata, kikapendwa.

Msimu huu wa baridi mbwa wa jirani walivunja kibanda chake cha nje. Walimkosa kidogo tu. Safari akamwingiza sebuleni ndani ya boksi la sabuni. Kesho yake boksi limelowa mkojo, vitambaa vyako vya kufuma vimetafunwa, na vinyesi vyake vimetapakaa chini ya kochi mpaka mlango wa chumbani. Nikasema, arudi nje. Paulina ndiye aliyejibu, "Mama alisema asilale nje baridi ikija."

Mama alisema. Jamani, mimi ndiye ninayempikia, ninayemsuka, ninayemwamsha aende shule, lakini katika nyumba hii anayesema bado ni wewe. Mimi ananiita Magda, kama wateja.

Basi nikasema, nitamweka ndani vizuri kuliko ulivyomweka wewe. Kwetu ndama akizaliwa wakati wa baridi hulala ndani karibu na mafiga, na hajambo. Nikamtengea Malkia mahali pazuri kabisa jikoni, pembeni ya moto, nikamtandikia magunia. Nilijisifu. Haikupita muda akaanza kupiga chafya, pua ikajaa kamasi, majani hataki, masikio ya moto. Paulina akawa anachuchumaa pale anamtazama, halafu ananitazama mimi. Yustina, niliogopa. Si kwa sababu ya sungura. Nilijua akifa jikoni kwangu, mtoto huyu ataamini nimemuua kwa kuwa alikuwa wako, na hatakuwa wangu maisha.

Bwana mifugo alikuja kwa jirani kuchanja ng'ombe, nikamkimbilia. Akacheka mpaka akavua kofia. "Mama, huyu si ndama. Ana koti lake mwilini. Baridi anaivumilia, moshi hauvumilii, wala upepo wa mlangoni." Akampa dawa, akanieleza, nami nikaanza upya.

Nimemjengea nyumba, dada. Fundi seremala alinipa mbao, nikazipiga misumari mwenyewe. Iko kwenye kona ya sebule, mbali na jiko, mbali na mlango, pale ulipokuwa unaweka kabati la vyombo. Kabati nimelihamisha, usinune. Mbele ni wavu, lakini sakafu ni mbao, maana wavu humtoa vidonda miguuni. Nimemwekea nyasi kavu nyingi, za kulalia na za kula. Ndani kuna kijumba cha kujificha chenye milango miwili, asione amenaswa mtu akichungulia. Kona aliyoichagua mwenyewe kukojolea nimeweka sinia lenye maranda, nabadilisha kila asubuhi. Maji yako kwenye chungu kizito, kwa sababu bakuli la plastiki analipindua kwa makusudi, ana kiburi chako. Jioni tunafunga mlango na kumwachia akimbie sebule nzima. Waya wa redio nimeupandisha juu.

Amepona. Amenenepa. Na bado nikisogea anaingia mafichoni! Safari akinyoosha mkono, unalambwa. Siku nilipomaliza ile nyumba, Safari aliitazama weee, akasema, "Yustina angefurahi sana." Nilitamani kumrushia kile chungu. Yustina alipiga msumari gani hapa?

Sasa nikuambie kilichonifanya nikuandikie. Jumamosi Paulina alikuja na rafiki yake wa shule kutoka Nambis. Mimi nilikuwa chumbani nakunja nguo za mnadani. Nikamsikia anamwonyesha milango miwili, maranda, kila kitu, kwa maringo. Akasema, "Amejenga mama." Mwenzake akauliza, si ulisema mama yako amekufa? Paulina akamjibu bila hata kufikiri, "Huyo ni wa kwanza. Huyu ni mama aliyepo."

Yustina! Niliziba mdomo kwa blauzi ya watu. Nimekushinda, nilisema moyoni, angalau hapo nimekushinda. Nikasimama nikimbie nikamwambie mtu, mtu mmoja tu atakayejua furaha hiyo ina uzito gani. Nikafika mlangoni ndipo nikatambua kuwa mtu huyo ni wewe. Nikakaa chini juu ya marobota nikalia kuliko nilivyolia siku ya mazishi.

Pumzika, rafiki yangu. Malkia hatalala nje mpaka azeeke afe kwa uzee wake. Na Paulina akiniuliza habari zako nitamweleza zote, jinsi ulivyocheka, jinsi ulivyopendwa na kila mtu, na uzuri wako sitaupunguza hata kidogo. Nitauma meno, lakini nitamweleza.

Mimi, mwenzako wa mezani,
Magdalena