Mke Kaondoka, Mtandao Bado Unakwama

Mpendwa mshauri, naomba unisome mpaka mwisho hata kama nitakuchosha, maana watu wangu wa karibu nikianza tu kuongea wananikatisha, na maji yamenifika shingoni, sijui hata nianzie kwenye kompyuta au nianzie kwa mke wangu, kwa sababu vyote viwili vimeniharibikia kwa pamoja na mimi nimebaki katikati kama mjinga.

Mimi kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Ofisi yetu ilirudisha jengo kwa mwenyewe, tukaambiwa kila mtu akafanyie kazi kwake, bosi tutakuwa tunaonana naye kwenye skrini, basi nikatafuta kile kisanduku cha waifai kinachowekwa laini ndani kama simu, nikakiweka sebuleni dirishani, meza yangu pembeni, na mwanzoni mambo yalikuwa mteremko kabisa, nafungua ukurasa unafunguka, natuma ramani inakwenda. Baadaye ikaanza. Ukurasa unafunguka nusu, picha zinabaki kijivu, kale kaduara kanazunguka, kanazunguka, mpaka usingizi unakuchukua. Mwenzangu wa kazini akaniambia weka programu ya kuongeza kasi, nikaweka, nikaona haitoshi nikaweka nyingine ya kusafisha, halafu nyingine ya kulinda, na sasa hivi nikifungua kompyuta matangazo ya dawa za kuotesha nywele yananirukia usoni, na siizimi kamwe, naifunika tu, maana nina kurasa chungu nzima za vipimo na vifaa nimeziacha wazi naogopa kuzipoteza.

Siku moja nipo kwenye kikao naeleza ngazi za jengo la ghorofa, kazi kubwa ambayo nimeihangaikia, mara bosi akasema, "Wewe umeganda na mdomo wazi, hatukusikii," nikasikia sauti inakatika, halafu akasema, "Basi, hii atamalizia mwenzako." Mshauri, wakati huohuo mke wangu yuko jikoni na simu yake anacheka. Anacheka kwelikweli, kile kicheko ambacho mimi sikumbuki alinichekea lini. Nikaenda nikamuuliza, "Unaongea na nani?" Akasema, "Na dada." Nikamwambia, "Dada gani wa kuchekewa hivyo?" Akanitazama, akasema, "Mume wangu, kwani kuna dada wa kununiwa?"

Wivu ukanipanda, na nikajiambia, ndiyo, kikulacho ki nguoni mwako, kumbe mtandao wangu unaliwa humuhumu ndani na kuna mtu upande wa pili anayemchekesha. Nilikichukua kile kisanduku nikakiingiza chumbani kwenye kabati la chuma tunamowekea hati za nyumba, waya wa umeme nikaupitisha kwenye tundu la nyuma, nikabadilisha paswedi, nikafunga, ufunguo nikawa natembea nao. Ajabu ni kwamba tangu siku hiyo mtandao ukazidi kuwa mbaya, mbaya mara kumi, na kisanduku chenyewe nikikigusa kinachoma kama pasi, nikajua huyu mwanamke paswedi ameshaipata, kisanduku kinafanya kazi kupita kiasi kwa ajili yake. Nikamuuliza, akasema hajui chochote, yeye ananunua bando lake mwenyewe kwa kazi yake ya kushona mapazia. Nami nikaona, aha, mtu mwaminifu anunue bando lake la nini kama hana anachoficha?

Jumapili moja mama yangu alikuwa amekuja kutusalimia, na dada mkubwa wa mke wangu, shemeji yangu, naye alikuwepo, tumekaa mezani tunakula na binti yetu, nikasikia simu ya mke wangu imelia, ujumbe umeingia. Nikainyakua. Akasema, "Nirudishie," nikasema, "Leo watu wasikie." Nikaanza kupekua palepale na kusoma kwa sauti, nikipanda na kushuka kwenye ujumbe wake, na mshauri, hakukuwa na mwanamume yeyote mle, kulikuwa na wateja wa mapazia na kulikuwa na dada yake huyohuyo aliyekaa mezani, na mahali fulani alikuwa amemwandikia, "Dada, shemeji yako siku hizi hali vizuri, kazi inamtesa, naogopa hata kumuuliza." Hayo nayo niliyasoma kwa sauti, mdomo ulikuwa umeshatangulia. Mama yangu akaweka kijiko chini. Nikasema, "Basi mengine umeshayafuta."

Mke wangu hakulia. Aliniambia, "Ningekuwa na mtu ningeshaondoka zamani. Sasa naondoka, na sina mtu." Akamvalisha mtoto viatu, wakatoka na shemeji. Mama akaniambia, "Mwanangu, leo umeniaibisha," na yeye akaondoka, chakula kikabaki mezani.

Sasa naishi kwenye nyumba ambayo haina sauti hata ya sahani, na kinachonitia wazimu ni kwamba mtandao bado unakwama! Yeye yuko kwa dada yake, ng'ambo ya mji, simu yake anayo huko, humu ndani niko peke yangu, na kale kaduara kanazunguka vilevile. Sebuleni simu yangu haikioni kabisa kisanduku, chumbani inakiona kwa taabu. Bosi amesema nikikosa kikao kingine nitafute pa kwenda. Naomba unijibu, inawezekana anautumia mtandao wangu akiwa kule? Kuna namna ya kumfungia? Au ninunue kompyuta mpya? Na kama kuna dawa ya kumrudisha naomba uniambie pia, kwa sababu nampenda, na siku hizi nikiona kitu cha kuchekesha nageuka kumwambia, hayupo.

Mchora ramani aliyebaki peke yake

JIBU LA MSHAURI

Mchora ramani, pole kwa upweke. Nakupa pole hiyo moja, uitunze, maana yanayofuata si ya kukubembeleza.

Mimi kompyuta naijua kwa kuandikia tu, kwa hiyo barua yako nilimsomea mama mmoja fundi anayetuhudumia hapa gazetini. Alinisikiliza vizuri mpaka kwenye lile kabati. Akaweka kikombe chake chini. "Amekifungia kwenye nini?" Nikamwambia chuma. Akashika kichwa.

Sikiliza, ndugu yangu. Kisanduku chako kinapokea mtandao kutoka kwenye mnara kwa hewa, kama simu, kisha kinaugawa nyumbani kwa hewa. Wewe umekizungushia chuma pande zote. Hakiupati mnara vizuri, na hicho kidogo kinachokipata hakitoki nje ya mlango, na kwa joto hilo kinajichosha bure. Hukuona kwamba ubaya ulizidi siku ileile uliyokifungia? Umeniandikia mwenyewe kwa mkono wako! Wewe unayewachorea watu nyumba, kuna mteja uliyewahi kumwekea dirisha ndani ya kabati?

Na hilo la kwamba mkeo anauvuta mtandao wako akiwa ng'ambo ya mji nimelisoma mara mbili, nikidhani macho yangu ndiyo yamechoka. Waifai isiyofika sebuleni kwako itavukaje mji? Mwanamke alikuwa anatumia bando lake, alikwambia, na ukweli huo ukaufanya ushahidi. Ulisema kikulacho ki nguoni mwako. Ni kweli, lakini aliyekuwa ndani ya nguo hizo ni wewe.

Kompyuta mpya usinunue. Toa kisanduku kwenye kabati, kirudishe juu dirishani, mahali pa wazi, kipoe, kisha ukiwashe. Zile programu za kuongeza kasi ziondoe zote, zinagombania kompyuta yako kama kunguru wanaogombania samaki. Ulinzi uliokuja na kompyuta yenyewe unatosha. Kurasa unazozihitaji zihifadhi kwenye alamisho, ile orodha ya kurasa za kurudia, nyingine funga. Halafu izime kompyuta, namaanisha kuizima, si kuifunika, ukiiwasha iruhusu ipokee masasisho yake imalize. Baada ya hapo jipime. Kaa karibu na kisanduku ukiwa na simu na kompyuta. Simu ikikimbia na kompyuta ikasuasua, ugonjwa uko kwenye kompyuta, mpelekee fundi. Vyote vikisuasua hapohapo, wapigie waliokuuzia laini, ugonjwa uko kwao. Vyote vikikimbia, basi ugonjwa ulikuwa kabatini, na aliyeupeleka huko unamjua.

Hivyo ndivyo mtu anavyotafuta kosa. Anapima hiki, anapima kile, na kipimo kikimwambia hapana anakubali hapana. Wewe kwa mkeo ulifanyaje? Uliipekua simu ungali ukila chakula chake. Hukukuta kitu, ukasema amefuta. Ungekuta, ungesema umekuta. Sasa niambie, huyo mkeo angefanya nini ili ashinde? Ulikuwa umeshamhukumu, kwenye simu ulitafuta kamba ya kumnyongea tu. Na humo ndani ulikuta nini? Mtu anayekuhurumia. Anaona huli, anaogopa kukuuliza, anamlilia dada yake. Ukaisoma huruma yake kwa sauti ya kumzomea, mbele ya mama yako na mtoto wake. Nilipofika hapo niliifunga barua yako nikatoka nje kidogo.

Najua kazi ilikuuma. Kuambiwa mbele ya wenzako kwamba kazi yako atamalizia mwingine ni jambo la kumvunja mtu, na ningekuwa mkeo ningetaka kulijua siku hiyohiyo. Hukumwambia. Ukaona ni rahisi zaidi awe mwizi kuliko wewe uwe mtu aliyeumia. Hasira hasara, ndiyo hiyo.

Unaniomba dawa ya kumrudisha. Sina, na anayekwambia anayo anakuibia. Nina la kufanya tu, na ulifanye hivi. Mtandao ukikaa sawa, usimpigie kumpa habari njema kwamba umepona, hakuondoka kwa sababu ya mtandao. Mwombe mama yako akusindikize, akikataa nenda peke yako, mpaka kwa shemeji yako, kwa sababu mkeo ulimwaibisha mbele ya watu na huwezi kumwomba radhi kwa ujumbe wa simu. Usiende na zawadi. Habari za kabati la chuma usizilete, maana utaanza kueleza mawimbi na joto, na watu watadhani kosa ni la kabati. Sema, "Nilikushuku bila sababu, nikakudhalilisha, wewe ukiwa unanihurumia. Naomba radhi." Ukishasema, nyamaza. Usimuulize anarudi lini. Binti yako akikujia, mpakate, usimtume kwa mama yake na maneno.

Sikufichi, huenda asirudi. Mwanamke aliyepekuliwa mbele ya mama mkwe wake hulala na jambo hilo muda mrefu, na wengine hawaamki nalo wakiwa walewale. Akikwambia hapana, ikubali hapana yake kama ulivyopaswa kuikubali tangu mwanzo, muulize siku gani unaweza kumwona mtoto, na uiheshimu siku hiyo.

Kisha rudi nyumbani ukafanye kazi, mtandao utakuwa unakimbia. Usiutumie kuchungulia kama yuko hewani na anaongea na nani.