Mkono wa Somoe

Jumamosi, 10 Desemba 1977

Foleni ya mkate tangu alfajiri. Nimepata mmoja, umebonyea upande. Nikarudi kwenye cherehani. Mashati meupe, sketi za buluu, kaptula. Kila mama wa mtaa wetu wa Gerezani amekumbuka kwa pamoja kwamba shule zinafunguliwa Januari. Sketi ya Somoe nimeishona kabla ya za wateja. Si haki, lakini ni binti yangu. Imetundikwa nyuma ya mlango na anaigusa kila akipita.

Jioni nikampima. Mkono wa kulia upite juu ya kichwa ushike sikio la kushoto. Haukufika. Ana miaka saba, nilimzaa mimi, najua. Ila ni mfupi, kama ukoo wote wa baba yake. Kadi yake ya kliniki iliharibiwa na maji. Na shuleni mwalimu hamuulizi mama, anauliza mkono.

Jumapili, 11 Desemba

Baba Somoe ameanza likizo pale karakana ya reli. Tumetoka sote wanne, Idi, mdogo wake Somoe, mgongoni kwangu. Mnazi Mmoja kwanza, watoto wakala barafu za rangi. Kisha stesheni kutazama treni la bara likiingia. Baba Somoe akataja kila kipande cha injini kama mtu anayetambulisha ndugu zake. Somoe alitaka kujua treni linalala wapi. Nimefurahi leo. Miguu inauma.

Jumatano, 14 Desemba

Mama mkwe amefika kutoka Lindi. Basi lilikaa sana Rufiji kusubiri pantoni, nguo zote vumbi. Kaleta korosho, unga wa muhogo na jogoo mmoja mkorofi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa upole, akaniuliza afya yangu na ya wazazi wangu. Sina la kulalamikia. Hilo nalo linaniudhi.

Kisha akamshika Somoe mkono, na hakuuachia mpaka wakati wa kulala. Somoe ana jina lake. Ndiye somo yake.

Ijumaa, 16 Desemba

Lile nililoliogopa limesemwa. Baada ya chakula, taratibu, bila hasira. Tangu walipohamishiwa kijiji kipya nyumba yake iko katikati ya watu asiowajua. Binti yake wa mwisho ameolewa. Analala peke yake. Mjukuu mwenye jina la bibi hukaa na bibi, kwao ndivyo ilivyo, na Baba Somoe mwenyewe alilelewa hivyo. Kijijini kuna shule. Mtoto akifikia, ataandikishwa huko.

Nilijua desturi hiyo siku tulipompa jina. Nilidhani itasemwa tu kisha isahauliwe.

Baba Somoe aliangalia sahani yake. Hawezi kumkatalia mama yake, hajawahi. Alinifuata uani nikiosha vyombo, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Mkono ukifika, anasoma hapa. Usipofika, anakwenda na mama mpaka mwakani."

Mpaka mwakani. Mwakani ya kwao naijua. Yeye alipelekwa kwa bibi yake mpaka mwakani, akarudi ameota ndevu. Nimekasirika. Nimeshona mkono wa shati la mtu kinyume, ikabidi nifumue.

Jumapili, 18 Desemba

Kigamboni. Tulivuka Magogoni asubuhi na chapati, maembe na chupa ya chai. Mama mkwe alikunja kanga akaingia majini mpaka magotini, kamshika Somoe, wimbi likawapiga wote wawili wakacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Ana kicheko kile kile cha mwanangu. Mimi nilikaa mchangani na Idi, nikaona wivu. Naandika hivyo hivyo. Wivu.

Kurudi, kwenye pantoni, Baba Somoe akaanza mchezo: kila mtu ashike sikio kwa kupitisha mkono juu ya kichwa. Mpaka mama mmoja wa samaki aliweka tenga lake chini akashika. Watu wakacheka. Somoe akajaribu, haukufika. Akaacha kucheza, akaja kusimama karibu yangu. Nilitamani kumtupa Baba Somoe majini.

Tulinunua samaki wa kukaanga Feri. Watamu. Sikuwa na hamu.

Jumanne, 20 Desemba

Kila asubuhi namchua mkono kwa mafuta ya nazi. Mama Asha, jirani wa chumba cha mbele, kasema mtoto aning'inie kwenye kizingiti cha mlango, yeye aliona dada yake akifanya hivyo. Upuuzi mtupu.

Nimemning'iniza.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Wangoni wa chumba cha uani wametuletea wali na nyama, watoto wamekula mpaka wakalala na mikono michafu. Mama mkwe kamwambia Somoe habari za mikorosho, za kima wanaoiba, za mto wa kuogea. Somoe akaniuliza kama Lindi ni mbali kuliko Kigamboni. Nikamwambia ni mbali sana. Mkono bado.

Jumapili, 1 Januari 1978

Basi mpaka Oysterbay, ufukweni. Jua kali. Idi amekula mchanga. Somoe alinikimbilia kutoka majini akipiga kelele kwamba umegusa. Akanionyesha. Umegusa kweli, lakini amelaza kichwa begani. Akikisimamisha, haufiki. Nikamwambia vizuri sana. Mama mkwe alikuwa anatazama.

Jumanne, 3 Januari

Umefika. Kichwa kimesimama wima, mgongo ukutani. Ncha ya kidole kirefu imegusa sikio, pale juu. Nikarudia. Umegusa. Nikatoka uani nikalia kidogo nyuma ya bafu, kisha nikaja kumaliza vifungo.

Sikumwambia mtu.

Jumatano, 4 Januari

Kesho kuandikishwa. Nimemuogesha, nimempigia pasi sketi. Mama mkwe akasema mtoto wa shule hunyolewa, alete wembe amnyoe usiku huu huu. Nikasema hapana, asante mama. Nilijua anachotaka. Anataka aende kichwa kipara, aonekane mtoto mdogo, arudishwe. Nimemsuka mwenyewe kwa uzi mweusi, visuko vyote vimesimama, nimevikutanisha utosini. Nimekaza hasa. Amependeza, anaonekana mkubwa. Mama mkwe alitazama kazi nzima, kisha akaenda kulala.

Alhamisi, 5 Januari

Niandike yote, kwa utaratibu.

Tulikwenda watatu, mimi, Somoe na mama mkwe. Idi kabaki na baba yake. Sikupenda aje, lakini utamzuiaje bibi. Shuleni foleni imezunguka uwanja. Mwalimu Mkuu, mwanamke mnene mwenye miwani, kakaa chini ya paa la varanda, na kila mtoto anasimama mbele yake na kupitisha mkono. Anayefika, jina linaandikwa. Asiyefika, anarudi na mama yake. Watoto wengine walikuwa wanalia tangu getini.

Zamu yetu ikafika. Nikasema ana miaka saba. Mwalimu hakuniangalia. Somoe akapitisha mkono. Ukapanda juu ya visuko, ukakwama pale, kidole kinachezacheza hewani. Akajaribu tena. Akanitazama. Mimi nimesimama kama mlingoti. Juzi ulifika, nilitaka kusema, juzi ulifika. Mwalimu akasema arudi mwakani, akamwita wa nyuma.

Nikamshika Somoe bega nimtoe. Mwakani. Nilikuwa nimeshaona basi la Lindi na kichwa chake dirishani.

Mama mkwe ndiye aliyeongea.

"Mwalimu, samahani. Mkono si mfupi. Kichwa ndicho kimeongezwa."

Akachuchumaa pale pale sakafuni, mwenye magoti yale mabovu, akamvuta Somoe katikati ya miguu yake. Nilivyokaza vile, uzi haukufunguka. Akaukata kwa meno. Kisuko kimoja baada ya kingine, uzi unaning'inia mdomoni. Watu wa foleni wakaguna. Mwalimu akavua miwani akasubiri, Mungu ambariki. Nami nimesimama tu. Mama mkwe akatema mate viganjani, akazilaza nywele kwa viganja vyote viwili, akakibonyeza kile kichwa.

"Haya, somo. Pitisha."

Ukafika. Kidole kikashika sikio, likakunjika. Mwalimu akaandika jina.

Angenyamaza tu. Alihitaji kunyamaza tu, na mtoto angekuwa wake.

Njiani Somoe alitembea katikati yetu, nywele zimesimama ovyo kila upande, anashika sikio lake, anaachia, anashika tena.

Ijumaa, 6 Januari

Baba Somoe anasimulia mtaa mzima kwamba binti yake ni mkubwa. Mama mkwe anachambua mchele. Sijamshukuru. Nimefungua mdomo mara nyingi leo, nikajikuta nauliza habari za chumvi.

Jumapili, 8 Januari

Hatukutoka. Mama mkwe kamnyoa Somoe uani, kwa wembe, polepole. Safari hii mimi ndiye niliyemletea wembe na bakuli la maji. Kasema nilikuwa nimesuka vizuri. Hakuwa ananitania. Nikaona aibu mpaka masikioni.

Jumamosi, 14 Januari

Mama mkwe ameondoka. Anataka kufika kabla njia haijaharibika kwa mvua. Stendi, asubuhi, vumbi na makelele. Baba Somoe juu ya basi anafunga mizigo. Somoe analia, anamng'ang'ania kanga. Nikamwambia mama mkwe kwamba barabara ikikauka, likizo ya Juni, mtoto atakuja. Nilifanya mazoezi ya maneno hayo tangu nyumbani, na bado yalitoka vibaya.

Akanishika kifundo cha mkono.

"Usimtume, mwanangu. Mlete. Na wewe ulale kwangu."

Nikasema ndiyo, mama. Kisha nikasema asante, ya siku nyingi. Sijui kama alisikia, injini ilikuwa imewashwa. Ameondoka na kiti cha pembeni yake kitupu, kaweka kapu hapo.

Jumatatu, 16 Januari

Shule imefunguliwa. Somoe alivaa mwenyewe. Kichwa chake kidogo kinang'aa, masikio yote mawili nje. Baba yake alimsindikiza akielekea karakana, amembebea kiti kidogo maana madawati hayatoshi. Nilisimama mlangoni mpaka wakapinda kona.

Nyumba kimya. Idi alizunguka akimtafuta, akalala. Nimeshona shati moja na nusu. Chini ya kitanda nimekuta kipande cha uzi mweusi, nikakiweka kwenye kopo la vifungo.

Amerudi saa sita, soksi zimejaa mchanga. Wamefundishwa kusimama mwalimu akiingia. Basi. Nikampa wali na maharage. Akala kidogo, akauliza kama Juni tukienda kwa bibi atapimwa tena mkono.

Nikamwambia hapana. Kwa bibi hapimwi mtu.

Akaendelea kula.