Baba, Maji Yamefika kwa Shangazi

Shikamoo, Baba.

Barua hii nimeianza mara tatu, na mara zote nimeichana, kwa sababu kila nikianza najikuta nakugombeza, na mtu hamgombezi baba yake aliye kaburini. Leo siichani. Itatoka itakavyotoka.

Maji ya ziwa yamefika kwa Shangazi Mwajuma. Yaliingia uani, yakapita jikoni, yakaula ukuta wa nyuma wa nyumba aliyoachiwa na Bibi, hadi ukaanguka. Yeye hakuwemo, alhamdulillahi. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana uliondoka tukiwa tumenuniana.

Unakumbuka siku niliyokwenda kwake na vipimo. Nilitoka kazini moja kwa moja, bado nimevaa fulana ya wapima ardhi, nikapigilia kigingi chekundu katikati ya dagaa alioanika, majirani wanatazama. Nikamwambia mbele yao kwamba mwaka hautaisha kabla ziwa halijafika pale, kwa hiyo ahame. Nilipoondoka akaking'oa, akakitia motoni, akakaangia samaki wake, migebuka.

Ulipopata habari ulicheka mpaka ukaegemea cherehani. Kisha ukaniambia, "Akili unayo, mwanangu, hilo nalijua tangu uko darasa la kwanza. Hekima ndiyo bado. Na hiyo ndiyo yenye thamani zaidi."

Neno lile liliniuma, Baba. Nilisomeshwa kwa kanzu ulizoshona umeinama Ujiji miaka yote ile, na leo unaniambia nilichokipata ni kile kidogo? Nikakujibu kwamba hekima haipimi kina cha maji. Ukaendelea kukata kitambaa. Nikatoka bila kukuaga. Siku tisa baadaye presha ikakuangusha palepale kwenye cherehani, na mimi nilikuwa Kalinzi napima mashamba ya kahawa, simu haishiki.

Hukumwona mjukuu wako. Alizaliwa miezi miwili baada yako, anaitwa Zuhura. Ana vidole vyako virefu. Mume wangu amehamishiwa Tabora, kwa hiyo huku Rusimbi tuko sisi wawili, na likizo ya uzazi ilipoisha sikuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Msichana wa kazi wa kwanza alikaa wiki moja. Wa pili hakufika kabisa.

Mvua zilipokolea, maji yakafika pale pale nilipopigilia kigingi. Nitakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu: nilifurahi. Nilisimama pale na Zuhura mgongoni, nikaona ziwa limekuja hadi kwenye alama yangu, na kwa dakika nzima nilifurahi. Halafu nikamwona Shangazi anahamisha vyungu vyake, kimoja kimoja, kutoka jikoni kwenda barazani, maji yamemfika vifundoni.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia, "Si nilisema?" Maneno yalikuwa mdomoni. Mtoto akaanza kulia, nikakaa barazani kumnyonyesha, na Baba, nilikuwa nimechoka. Usiku kucha sikulala. Nikajikuta nasema, "Shangazi, sina wa kuniangalizia huyu. Njoo tukae wote." Nikalia.

Akauliza kama jiko langu liko nje, maana moshi wa ndani hauwezi. Akauliza kama majirani zangu ni watu wa kusalimiana. Kesho kutwa yake asubuhi aliniita nikamchukue, na vitu vyake vilikuwa vimeshafungwa.

Ukuta ulianguka wiki mbili baadaye, saa sita mchana, saa anayojilaza. Kitanda chake kilikuwa upande uleule.

Jioni ile nilimuuliza kwa nini alikubali safari hii. Alikuwa anamwogesha Zuhura, hakuinua uso. Akasema, "Kwani mimi sina macho? Niliona maji yanakuja. Wewe ulinionyesha pa kutoka. Hukunionyesha pa kwenda."

Tangu siku ile situlii. Nikiwa kazini naisikia sauti yake. Watu wanasema nimefanya jambo la hekima, na mimi najua haikuwa hekima, ulikuwa uchovu. Kama Zuhura asingelia, ningesema lile neno nililokuja nalo, na Shangazi angebaki ndani ya nyumba ile. Je, hekima ndiyo hiyo, kushindwa tu mpaka unaanza kusema kweli? Nani wa kunijibu?

Na wewe pia, Baba, ulikosea. Niruhusu niseme. Ulimwambia Shangazi asihangaike, kwamba ziwa lilipanda mkiwa wadogo na likarudi lenyewe. Alikuamini, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa mtu wa busara, mimi nilikuwa mtoto mwenye vipimo. Safari hii halikurudi. Vipimo vyangu vilikuwa sahihi, havikumtoa mtu hata mmoja. Maneno yako yalimtuliza, yakamkalisha penye hatari. Natamani ungekuwepo unikatalie. Ungetafuta uzi, ungevaa miwani, ungesema subiri nimalize pindo hili, na ningesubiri. Siku ile sikusubiri.

Bado yuko Mzee Bilali, jirani yake Shangazi, na mbuzi wake wanne. Maji yako hatua thelathini kutoka mlangoni pake. Hana mpwa wala mtoto wa kumwita, na kwangu vyumba vimejaa. Jumamosi nitakwenda. Vipimo nitavibeba, kwa sababu ni vya kweli, lakini vitakaa mkobani mpaka nijue anaogopa nini. Sijui nitamwambia aende wapi. Ninachokuahidi ni kwamba hatakuwa peke yake kulitafuta jibu, hata nikirudi kwake mara kumi.

Nisamehe kwa kutokukuaga. Nakuaga sasa. Mungu alipanue kaburi lako na kulitia nuru. Nimelipima, Baba, nimelipima mara mbili. Uko juu. Maji hayatakufikia.

Mwanao,
Rehema