Kuhesabu Ng'ombe kwa Kifaransa

Jumatatu, 3 Septemba 1956
Machochwe. Ng'ombe mtoni, kisha magazeti ya wiki iliyopita. Nimeanza kumjibu mhariri mmoja mjinga, nimeacha. Bwana mifugo, Mwingereza, amepita na agizo: malisho ya ng'ambo ya mto ni ya atakayetaja idadi kamili ya ng'ombe wake kabla ya Jumapili. Asiyetaja ahame. Kaka yangu Mwita, mkuu wa boma letu, amekataa. Ng'ombe hawahesabiwi, anasema, ukiwahesabu wanakufa. Miaka yote naupinga upuuzi huu kwa kalamu, nimemwambia hivyo mbele ya watoto. Akanijibu:

"Mura, kalamu yako inakamuliwa saa ngapi?"

Wamecheka wote. Kuniita mura, kijana, mbele ya watoto! Nina hasira.

Jumanne, 4 Septemba
Hatusemezani. Huku nyasi zimekwisha. Bila malisho yale, ng'ombe hawafiki mvua.

Jumatano, 5 Septemba
Nimemkumbuka Noro. Wakati wa vita, Madagaska, soko la mji wa Diego. Msichana yule aliuza mchele akiupima kwa kopo la maziwa, akihesabu Kifaransa kama anayeimba, nasi askari tukimfuatisha. Sabini kwao ni sitini na kumi: soixante-dix. Themanini ni ishirini mara nne: quatre-vingts. Tisini, ishirini mara nne na kumi! Na hawa ndio wanaosema Mwafrika hana akili ya hesabu.

Lakini kinywani mwa Noro maneno hayo yalikuwa matamu. Mille, elfu. Million, milioni. Aliyataja kwa mchele ambao hakuwahi kuwa nao, akicheka. Harufu ya magunia mapya. Nilikuwa kijana. Siku hizi hakuna anayenifundisha kitu huku akicheka.

Alhamisi, 6 Septemba
Nimemwendea Mwita. Nihesabu kwa Kifaransa: yeye hataelewa, ng'ombe hawataelewa. Akauliza kama Wafaransa huhesabu ng'ombe wao. Nikamweleza kuwa wana neno centaine, yaani kama mia hivi, na millier, kama elfu hivi, wasipotaka kusema kamili.

"Kumbe nao wanaogopa."

Amekubali. Sharti: nisitafsiri kamwe.

Jumamosi, 8 Septemba
Mlangoni mwa zizi. Bwana mifugo kando yangu. Kifaransa alisoma shuleni kwao. Ng'ombe wakatoka mmoja mmoja. Nilianza kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Kufika soixante-dix nikajikuta naimba kama Noro. Quatre-vingts, vumbi, kengele shingoni mwa fahali. Mwita aliupa mlango mgongo. Nilipopita cent, mia yao, na kuanza tena moja, mbili, un, deux, alinitupia jicho. Hakuuliza.

Bwana mifugo ameandika. Malisho ni yetu.

Jumapili, 9 Septemba
Baada ya ibada Mwita ameniletea maziwa ya mgando. Tumeyanywa pamoja. Ng'ombe wako ng'ambo, wanakula.

Nimeshika kalamu niandike hapa idadi yao. Hakuna asomaye ila mimi.

Sikuandika.