Maziwa ya Zuwena

Alhamisi, 8 Februari 1968
Kazini, kama kawaida. Jioni makarani tumeruhusiwa kutazama sinema kambini kwa kampuni ya mafuta, mara ya kwanza. Shuka ukutani. Kifaransa kitupu. Mke mpole anamtilia mumewe sumu kwenye maziwa, huku anatabasamu. Nassor, mwenzangu wa ofisini anayejidai anajua Kifaransa, kasema ni kisa cha kweli, mwanamke mwenyewe alihukumiwa. Kwa nini alimuua? Nassor hajui. Nadhani hata sinema yenyewe haijui. Nimerudi nyumbani Matrah, hapa Omani, kichwa kizito.

Ijumaa, 9 Februari
Mke wangu Zuwena kaniletea maziwa. Ni desturi yake tangu mwezi uliopita. Leo ndiyo kwanza nimeyatazama. Manjano. Yananukia marashi ya waridi. Nani anatia marashi kwenye maziwa? Nimekunywa. Mjinga mimi.

Jumapili, 11 Februari
Tumbo linauma. Au nalisikiliza mno. Nimemuuliza mke wangu anatia nini.
"Kheri tu, bwana. We kunywa."
Akatabasamu. Tabasamu lile lile la kwenye shuka. Nampenda na namwogopa, yote kwa pamoja. Mtu anawezaje?

Jumatatu, 12 Februari
Nimeyamwaga uani. Kaniona. Hakufoka. Kapiga magoti, kachota mchanga uliorowa kwa viganja, wote, kautia kwenye bakuli, kaenda kuumwaga shinani mwa mndimu. Anaficha ushahidi! Yule wa sinema naye aliosha bilauri mbio mbio. Nikamwuliza: sumu? Neno limenitoka, halirudi. Kisha kavaa buibui, kaenda kwa shangazi yake, Bi Shemsa.

Jumatano, 14 Februari
Najipikia. Wali umeungua. Naogopa kuwa nimekosea. Naogopa zaidi kuwa sikukosea.

Baadaye. Bi Shemsa kaja. Kakataa kukaa. Kanionyesha sahani nyeupe, aya za Kurani zimeandikwa kwa zafarani, bado hazijaoshwa kwa marashi. Kombe. Dawa ya kunywa, ndiyo iliyokuwa kwenye maziwa, ile ile aliyokuwa akininywesha bibi yangu Unguja nikiwa na homa. Vipi sikuijua harufu yake?
"Kila usiku unamlilia Hamed usingizini," kasema. "Zuwena ndiye anayekushika mpaka utulie. Asubuhi huna habari. Tungelikwambia ni kombe, ungelikunywa? Si wewe unayesema mambo ya vizee?"
Hamed ni ndugu yangu. Aliuawa Unguja mwaka sitini na nne. Hatukumzika. Sikujua kuwa namwita.
Kumbe mchanga ule. Maneno ya Mungu, nami nimeyamwaga pa kukanyagwa. Zuwena aliyaokota. Natamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 16 Februari
Baada ya sala nimekwenda kumwomba Zuwena radhi. Kasema yamekwisha. Karudi nami. Njiani kanionyesha samaki wazuri sokoni. Yamekwisha kweli? Mimi sisomi uso wa mtu tena.

Jumamosi, 24 Februari
Nassor kaniambia huenda hakuielewa sinema ile. Huenda mwanamke yule aliachiwa.

Maziwa asubuhi, manjano, yananukia. Nikanyoosha mkono. Zuwena hakunipa. Kanywa funda moja kwanza, mbele yangu, kameza, kafuta mdomo. Ndipo kanipa. Anafanya hivyo kila siku tangu arudi. Sikumwomba. Wala sijui nimwambieje aache.

Nimekunywa yote.