Biira Wote Nje

Bwera, Jumapili, Oktoba 2012

Mvua inanyesha tangu asubuhi na mlima umejifunika. Nimeshinda ndani. Sitaki kuonana na mtu, maana kila anayenisalimu anauliza timu imefikia wapi.

Timu imekwisha.

Barafu ya Bwera, timu ya wasichana ya mpira wa magongo, ligi ya chini kabisa, haikumaliza hata msimu mmoja. Jina tulilitoa kule juu kileleni, kwenye barafu ya mlima huu. Magongo ya kwanza tulichonga wenyewe kwa mkaratusi, yakatuchubua viganja, tukacheka. Mimi ndiye kocha, na niliipenda timu hii kupita kiasi.

Mechi iliyopita refa alimtoa mchezaji wetu kwa kadi nyekundu, akaandika: Biira. Basi. Kwetu Wakonzo binti wa pili ni Biira, upende usipende, na mimi nina Biira wanne, golikipa akiwemo. Fulana zetu hazina namba.

Jana, uwanjani Kasese, msimamizi wa ligi aliyetoka Kampala akawazuia wote wanne, maana mwenye kadi nyekundu hachezi mechi inayofuata. Nikamweleza jinsi tunavyopeana majina, nikaeleza tena, jasho likinitoka. Alinisikiliza kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza.

"Mwalimu, mimi nasoma karatasi tu. Iko Biira, na Biira hapana cheza."

Biira mwenyewe wa ile kadi, yule mrefu anayeuza nyanya sokoni, akajitokeza akilia. "Ni mimi nilimupiga ule mutoto na gongo. Bale bengine mubaache bacheze." Msimamizi akatikisa kichwa. Alidhani tumempanga ajitoe kafara.

Waliobaki hawakutosha kuanza mchezo. Tukahesabiwa hatukufika, kama ile mara gari lilipotufia njiani, na timu ikikosa mara mbili inafutwa. Nikapandisha sauti mbele ya watu. Hapo akaniuliza jina langu, aniripoti.

Mimi pia ni binti wa pili.

Akacheka kidogo, akaninyooshea kidole nje ya uwanja. Nilitoka. Nilisimama na Biira wangu wanne tukiwatazama wenzetu wakivua soksi.

Magongo nimeyasukuma chini ya kitanda. Mchana huu binti yangu, Biira wangu wa miaka mitatu, amevuta moja na analiburuta sebuleni, anapiga limau.

Sijamnyang'anya. Ningemwambia nini?