Unene wa Meza ya Altare

Yaya Désiré, kaka yangu mkubwa,

Ukutani kwenye korido ya nyumba yetu, huku ugenini Saint-Gilles, pale kichwa chako kilipogonga, Mama amepaka rangi mara mbili. Damu haionekani tena. Shimo lipo.

Bon, unanijua, mdomo wangu mzito. Ndiyo maana ninaandika.

Unakumbuka Papa alivyoombwa na padri meza ya altare ya kanisa? Tulikuwa naye kwenye atelie, karakana yake ya useremala mwisho wa korido. "Désiré, pigia muuza mbao simu. Mbao ya libuyu, hapa wanaita sapelli. Unene vingt-sept. Usinisumbue." Ukaagiza vingt-sept, milimita ishirini na saba, kama alivyosema. Mbao zikaja, akazipiga randa, zikatoka nyembamba kama za sanduku la matunda. "Mujinga! Unaniaibisha mbele ya padri!" Akakupiga na ubao uleule, kutoka atelie mpaka korido: mgongo, mkono, kichwa ukutani. Mfupa nilisikia ukivunjika kabla hujalia. Asubuhi yake, pale Gare du Midi, ulipanda treni ya Liège, mkono umefungwa kwa kitambaa cha Mama.

Mwezi uliopita alinituma mimi kuagiza tena mbao za meza ileile kwa muuza mbao, kule kwenye kanali, ule mfereji wa meli, kwa sababu ya Kiflama changu cha shule, lugha ya yule muuzaji. Nikasema ile vingt-sept kwa Kiflama, sauti chini. Yule mzungu akauliza: "Kabla ya randa au baada?" Kumbe wao wanauza mbao jinsi zilivyotoka kwenye msumeno. Ukitaka zibaki vingt-sept, unaagiza trente-quatre, thelathini na nne, maana randa inakula zile saba. Nikawakumbuka wapasua mbao wetu wa kule nyumbani Bukavu: unawatajia unene wa meza yenyewe, wao wanaongeza ya randa bila kuulizwa. Papa alizoea vile. Donc, Yaya, hukukosea kitu.

Nikarudi atelie, nikamwambia Papa. Akainua ubao. "Rudia!"

Mkojo ukanitoka, lakini nikarudia: "Papa, ulimuvunja mutoto wako mukono kwa kosa lako mwenyewe."

Ubao ukashuka juu ya benchi, karibu na vidole vyangu, ukapasuka. Akakaa chini kwenye unga wa mbao, anahema. Na mimi, naona haya kuandika hivi, nilitamani kuokota kile kipande nimpige nacho mpaka alie kama wewe.

Nimeagiza trente-quatre. Meza imesimama kwa miguu mitatu. "Wa nne ni wa Désiré kuchonga," anasema, lakini pardon, samahani yenyewe, haitoki kinywani. Nimemwambia aende Liège mwenyewe, akakuombe msamaha, bila kitu mkononi. Asipoenda, usirudi. Meza ianguke.

Uuchunge ule mkono.

Mudogo wako, yule asiyesemaga